Silinda Namba Tisa

Hadithi hii nimeipata jana kwa mtu wa kazi za mbao, naye aliipata kwa mwingine. Nimeshindwa kukaa nayo peke yangu. Ukiwa na dakika chache, isome yote, usikimbilie mwisho.

Kule Nyanda za Juu Kusini, kwenye mji mmoja mdogo unaoishi kwa mbao, palikuwa na fundi wa kike jina lake Leonsia Mgaya. Mji wenyewe umezungukwa na mashamba ya paini. Asubuhi ukungu ukiinuka, sauti ya kwanza unayoisikia ni ya chenso, ile misumeno ya petroli yenye mnyororo wa meno, ikinguruma huko msituni. Leonsia ndiye aliyekuwa akizitengeneza zinapougua.

Kazi hiyo alifundishwa na Mzee Kastori Nyagawa. Huyo mzee alikuwa na sifa hadi wilaya za jirani. Mtu akinunua chenso mpya, kabla hajaiingiza msituni aliipeleka kwanza kwa Mzee Nyagawa ikafunguliwe kifua. Ndivyo watu wa pale walivyoiita kazi ile.

Kufungua kifua maana yake ni hivi. Injini ya chenso ni ndogo, haina mambo mengi. Ubavuni mwa silinda kuna matundu: moja la kuingizia hewa na mafuta, mengine ya kuyapandisha juu, na moja la kutolea moshi. Pistoni ikipanda na kushuka huyaziba na kuyafungua, na huko ndiko kupumua kwake. Fundi anayejua huchukua tupa nyembamba, akayapanua matundu hayo kidogo, akayainua kidogo, akalainisha kingo zake. Akipatia, msumeno uleule wa jana unamaliza gogo wakati wenzake bado wako katikati. Akikosea kwa unene wa ukucha, ameua silinda ya watu.

Ikafika siku mikono ya Mzee Nyagawa ikaanza kutetemeka. Mtu anayetetemeka hashiki tupa ndani ya silinda. Binti yake aliyeko Songea akamwambia, "Baba, njoo upumzike." Mzee akakubali. Kabla ya kuondoka akawaita mafundi wawili aliowalea, Danford Chengula na Leonsia.

Juu ya meza aliweka msumeno wake mwekundu, ule ulioshinda mashindano ya kukata gogo kila Nane Nane. Pembeni alipanga jiriwa, tupa na vifaa vingine. Chini ya meza palikuwa na gunia lililofungwa kwa kamba ya katani.

"Wanangu," alisema, "mikono yangu imeshakataa kazi. Nilicho nacho ni hiki mnachokiona. Danford, wewe ndiye mkubwa, anza kuchagua."

Danford hakusita. Akaukumbatia ule msumeno mwekundu. "Nikiufungua huu nitaona kila alichokifanya," akamnong'oneza Leonsia.

Leonsia akaziangalia tupa, akaliangalia jiriwa, lakini macho yakawa yanarudi chini ya meza. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kutaka kujua. Mama yake alizoea kusema huyu mtoto hata mkebe usio na kitu ataufungua.

"Mle guniani mna nini, Mzee?"

"Mna silinda nilizoziua mimi mwenyewe."

"Zote?"

"Zote, tangu nianze kazi. Nilikuwa nimepanga kuzitupa chooni."

"Basi naomba hizo."

Danford alicheka mpaka akashika ukuta. Mzee Nyagawa hakucheka. Alimtazama Leonsia kwa muda, akafumbua kinywa kama mwenye neno, akakifumba. Mwisho akasema tu, "Chukua."

Nyumbani mume wake, Betweli, alimsaidia kulishusha gunia. Betweli alikuwa mkataji wa miti, mtu mwembamba, mpole, asiyependa makuu.

"Mama Aneti," alisema, "wenzako wanarithi mali, wewe umerithi vyuma chakavu?"

"Subiri tu, Baba Aneti."

Leonsia akatandika turubai uani, akazimwaga. Zilikuwa silinda ishirini na tatu. Kila moja ilikwaruzwa namba kwa msumari. Akazipanga kuanzia ya kwanza, akakaa chini na kioo chake cha kukuzia na rula ya chuma, na kila moja akawa anaiuliza swali hilohilo: wewe ulikufa kwa nini?

Nazo zilimjibu. Namba moja ilipanuliwa mno tundu la moshi, ringi ya pistoni ikachungulia nje, ikang'ang'ania ukingo, ikavunjika. Mikwaruzo yake ilionekana ukutani kama kucha za paka. Namba nne tundu lake liliinuliwa kupita kiasi, nguvu ikawa inatorokea kwenye moshi kabla haijafanya kazi. Namba sita tupa ilipita kabisa hadi upande wa pili. Namba kumi na mbili kingo ziliachwa kali. Namba kumi na tano kosa lilikuwa dogo sana hata Leonsia akaliona kwa kidole kabla ya kuliona kwa jicho.

Kwa wiki mbili kila akimaliza kazi za wateja alirudi kwenye turubai lake. Alijua sasa mpaka uko wapi, maana alikuwa akizitazama zote zilizouvuka.

Danford naye aliufungua msumeno mwekundu, akapima kila tundu, akaandika kwenye daftari, akaanza kufungua vifua vya misumeno ya watu kwa vipimo vilevile. Miwili ikawika vizuri. Mitatu ikarudi imekufa, kwa sababu ilikuwa ya aina nyingine na matundu yake hayakukaa sawa na ya ule mwekundu. Msumeno wa Mzee ulimwonyesha pale Mzee aliposimama, lakini haukumwambia alisimama kwa nini. Wateja wakaanza kuja kwa Leonsia, na misumeno aliyoifungua yeye ikawa hairudi.

Angeweza kuishia hapo, akashukuru. Lakini ilikuwepo silinda moja iliyomnyima raha.

Namba tisa.

Haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Ukuta wake ulimetameta. Kingo za matundu zilikuwa laini kama mdomo wa bakuli. Leonsia aliishika juani, akaitazama kwa kioo, akaipapasa kwa kidole, akaijaza petroli aone kama inavuja. Hakuna. Akaipima na zote zilizokufa. Haikufanana na hata moja.

"Hii ilikufa kwa nini?" akamuuliza mumewe.

"Labda Mzee aliichanganya humo kwa bahati mbaya."

"Mzee Nyagawa? Mtu anayehesabu hata misumari iliyopinda?"

Siku tatu alihangaika nayo. Siku ya nne, Jumamosi, uvumilivu ukamwishia. Akachukua pistoni mpya na ringi mpya, akaifunga namba tisa kwenye chenso ya Betweli, kwa kuwa ilikuwa ya aina ileile. Akavuta kamba.

Mwanzo ilinguruma kivivu, ungeidharau. Alipobana mafuta ikaendelea kusinzia, kusinzia, halafu ghafla ikaamka. Leonsia alikuwa hajawahi kusikia sauti ile. Akampa Betweli ajaribu kwenye gogo la mkaratusi lililokuwa uani. Gogo likaanguka vipande viwili kabla kuku hawajamaliza kukimbia, na maranda yakatua juu ya bati la jirani.

"Ina nguvu?" Leonsia aliuliza huku anarukaruka.

"Ina nguvu!" Betweli akajibu, akaiweka chini, akajifuta jasho.

"Ina nguvu kuliko ule mwekundu?"

"Kuliko ule mwekundu."

Jumatatu asubuhi Betweli akaondoka nayo kwenda msituni.

Leonsia akabaki karakanani, lakini kazi haikumkalia. Alikuwa na silinda bora kuliko zote alizowahi kuziona, na ilitoka kwenye gunia la zilizokufa. Saa tatu hivi akafunga mlango, akaenda kwa Mzee Nyagawa. Alimkuta anafunga mizigo ya safari.

"Kamwene, Mzee."

"Kamwene, mwanangu. Vuta kigoda."

"Nimekuja na swali moja. Silinda zako zote nimezielewa, kila moja na kosa lake. Namba tisa imenishinda. Sioni ilipoharibika."

Mzee aliiacha kamba aliyokuwa akiikaza.

"Umeiangalia vizuri?"

"Siku tatu nzima. Haikuharibika popote."

"Ni kweli," alisema Mzee. "Haikuharibika. Iliharibu."

Leonsia hakuelewa.

"Mdogo wangu Gaudensi unamfahamu?"

Nani asiyemfahamu Gaudensi? Alikuwa na kitalu cha miche kando ya barabara kuu, na alitembelea gongo, maana mguu wake wa kushoto uliishia chini ya goti. Mji mzima ulijua kwamba alipokuwa kijana alifanya uzembe na msumeno. Wazazi walimtumia kuwaonya watoto: shika hicho kisu vizuri, utakuwa kama Gaudensi.

"Hakuzembea," alisema Mzee Nyagawa. "Ile silinda niliifungua mimi. Nikapata nguvu ambayo sikuwahi kuiota. Chini inalala, halafu inaamka yote kwa mkupuo. Nilifurahi nikawa kama mwendawazimu. Asubuhi nikampa Gaudensi aende nayo kazini, na sikumwambia nimefanya nini. Nilitaka ashangae mwenyewe. Anakata matawi, ncha ikagusa tawi jingine, wakati huohuo ikaamka. Ikamrukia."

Akaishika tena ile kamba, akaizungusha kidoleni.

"Watu walipouliza, nilisema aliishika vibaya. Yeye mwenyewe nilimwambia hivyohivyo, kule kitandani hospitali. Akaniomba msamaha kwa kuniharibia msumeno. Mwaka wa ishirini na mbili huu, anaamini mikono yake ndiyo iliyomkata mguu."

"Kwa nini hukuniambia siku ile uliponipa gunia?"

"Nilifumbua kinywa, uliniona. Kikakataa. Nikajisemea, huyu mtoto ni mtu wa maswali, atakuja kuuliza kabla hajaifunga popote." Kisha akamtazama Leonsia usoni, na sauti ikabadilika. "Hujaifunga popote, mwanangu, au sivyo?"

Leonsia alikuwa ameshafika mlangoni.

Kijana wa bodaboda aliyempakia alidhani kuna msiba. Kilomita kumi na moja za vumbi jekundu, na Leonsia mgongoni anamwambia, "Ongeza, kaka yangu, ongeza." Walipofika mwisho wa barabara aliruka kabla pikipiki haijasimama. Huko juu chenso zilikuwa zikinguruma nne au tano, lakini ya kwake aliitambua katikati ya zote. Inasinzia, inaamka. Inasinzia, inaamka.

Halafu ikanyamaza.

Alipanda kile kilima anaita, "Baba Aneti! Baba Aneti!" Matawi yakamchana mikono. Viatu vikateleza kwenye majani ya paini, akaanguka, akainuka.

Alimkuta Betweli amekaa chini, ameegemea kisiki. Msumeno ulikuwa umelala hatua kadhaa kutoka pale, mnyororo umechomoka. Buti lake la mpira la kulia lilikuwa limepasuka, kuanzia kifundo hadi vidoleni.

Leonsia hakuuliza. Alipiga magoti, akalivuta lile buti kwa mikono miwili. Soksi ilikuwa imechanika. Akaivua nayo. Vidole vitano, vyote vipo. Juu ya unyayo palikuwa na mstari mmoja mwembamba mwekundu, kama mtu aliyekwaruzwa na mwiba.

Akavihesabu tena vile vidole. Halafu akalia.

"Imenirukia," alisema Betweli. "Mimi hii chenso nimekuwa nikiiogopa tangu ile Jumamosi uani."

"Lakini ulisema ina nguvu!"

"Uliniuliza kama ina nguvu, nikakwambia ina nguvu. Hukuniuliza kama naiweza."

"Si ungesema, Baba Aneti? Kinywa si unacho?"

Betweli akainamisha kichwa. "Ulikuwa umefurahi. Wiki mbili nzima unalala na kuamka na vyuma vile. Ningeanzia wapi kusema kwamba mke wangu ametengeneza kitu ambacho mimi mumewe sikiwezi?"

Wakakaa pale, mtu na mkewe. Wenzake walipokuja kuuliza kulikoni, Leonsia mwenyewe ndiye aliyejibu. Aliwaambia, "Kosa ni langu. Yeye hakukosea kitu."

Tangu siku hiyo hadi leo, mteja akileta chenso kwa Leonsia ikafunguliwe kifua, hapewi bei kwanza. Anaambiwa, "Kata hilo gogo nikuone." Leonsia anamtazama mabega, anatazama miguu inavyosimama, anamuuliza huwa anachoka saa ngapi. Wengine anawafungulia. Wengine anawarudishia msumeno kama walivyouleta na kuwaambia, "Huu unakutosha." Wapo wanaoondoka wamenuna. Hakimbizani nao.

Lakini palikuwa bado na jambo moja, na hilo hakuliacha lilale. Kesho yake asubuhi, baada ya siku ile ya msituni, aliifungua namba tisa kutoka kwenye chenso, akaifunga kwenye kitambaa, akaenda nayo hadi kwa Mzee Nyagawa, akaiweka juu ya mizigo yake ya safari.

"Mume wangu amepona, Mzee," alisema. "Gaudensi bado."

Mzee aliiangalia ile silinda. Akaomba aletewe kofia yake.

Walimkuta Gaudensi anamwagilia miche. Alipomwona kaka yake akafurahi, akasema, "Umekuja kuniaga?" Mzee Nyagawa akamnyooshea silinda kwa ile mikono yake inayotetemeka, na huku amesimama, bila kuketi, bila kuzunguka, akamweleza yote: nguvu aliyoifungua, asubuhi aliyomkabidhi bila neno, na uongo aliomwambia kitandani.

Gaudensi aliigeuzageuza ile silinda. Hakuiangalia sana, hakuwa fundi. Maji ya mpira yalikuwa yakimwagika tu kwenye mtaro.

"Kwa hiyo," aliuliza taratibu, "haikuwa mikono yangu?"

"Haikuwa mikono yako, mdogo wangu."

"Unajua kwamba mimi tangu siku ile sijawahi kumbeba mtoto? Hata wa kwangu. Nilikuwa nikimwambia mama yao, mshike wewe, mimi nitamwangusha."

Mzee Nyagawa akakaa chini palepale kwenye matope, mtu mzima na koti lake la safari. Leonsia alisogea kando akafunga bomba, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine.

Gaudensi akasema, "Kaka, hukunikosea mbele yangu tu. Ulisema mbele za watu."

"Ni kweli."

"Basi keshokutwa ni gulio. Nenda ukaseme hukohuko."

Safari ya Songea ikaahirishwa. Siku ya gulio Mzee Nyagawa alisimama juu ya kreti la soda, katikati ya wauza viazi na wauza mitumba, akasema kwa sauti ambayo hata waliokuwa mbali waliisikia. Danford alikuwepo. Wakataji miti walikuwepo. Akina mama waliokuwa wakiwatisha watoto kwa jina la Gaudensi walikuwepo, na baadhi yao wakainamia mafungu yao ya nyanya.

Alipomaliza, watu wakamgeukia Gaudensi, waone atasema nini. Yeye alikuwa ameegemea gongo lake kando ya toroli la miche, na mikononi, kwa mara ya kwanza, alikuwa amempakata mjukuu wake wa miezi minne.

"Ameshasema, mmeshasikia," alisema Gaudensi. "Haya, nani anataka miche? Parachichi ninazo, na paini zimebaki chache."

Funzo: Kabla hujaongeza nguvu ya chombo, muulize atakayekishika kama anaiweza; na ukishamtwika mwenzio kosa lako, lishushe mwenyewe mbele ya watu walewale uliowaambia, angali hai alisikie.